Kununua na kuuza nyumba au kiwanja Tanzania Bara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu Tanzania Bara, na mifano mingi ni ya Dar es Salaam na wilaya za Pwani zinazopakana nayo. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, kwa hiyo usiyategemee ukiwa Unguja au Pemba. Jibu lililokwishatolewa mahali pengine halirudiwi. Utaelekezwa kwa namba ya swali.

## Unanunua nini hasa?

1. Nikinunua kiwanja, ardhi inakuwa yangu moja kwa moja?

Hapana. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Unachonunua ni haki ya kuitumia kwa muda: hati miliki hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Ndiyo maana kila mwaka kuna kodi ya pango la ardhi, na ndiyo maana hati ina masharti ya matumizi (makazi, biashara, au vyote viwili) na muda wa kuendeleza kiwanja, mara nyingi miezi 36.

Basi ukishika hati usiishie kwenye jina. Soma tarehe umiliki ulipoanza. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1995 inaisha 2028, na anayekuuzia leo kwa bei kamili anakuuzia miaka michache na kazi ya kuomba upya. Kiwanja kilichoachwa pori miaka mingi bila kulipiwa pango nacho kinaweza kubatilishwa, na wakati huo anayeumia ni aliyenunua juzi, si aliyekitelekeza.

2. Hati miliki, barua ya toleo, leseni ya makazi na karatasi ya serikali ya mtaa zina tofauti gani?

Hati miliki imesajiliwa kwa Msajili wa Hati. Ina namba, na mtu yeyote anaweza kuifanyia upekuzi (swali la 4).

Barua ya toleo inaonyesha kwamba mtu amegawiwa kiwanja kilichopimwa na anatakiwa kukamilisha malipo ili apewe hati. Haimo kwenye daftari la Msajili, kwa hiyo uhakika wake unaupata idara ya ardhi ya halmashauri, kwenye jalada la kiwanja hicho. Kosa la kawaida ni kuridhika na barua yenye muhuri bila kuuliza kama masharti yake yalitimizwa. Barua ya miaka kumi iliyopita ambayo haikulipiwa inaweza kuwa imekufa, na kiwanja kimeshapewa mtu mwingine.

Leseni ya makazi ni ya maeneo yasiyopimwa, na ni ya muda mfupi, miaka 2 hadi 5. Hakikisha haijaisha na kwamba jina lililomo ni la anayeuza.

Karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa mtaa si umiliki. Ni ushahidi kwamba fulani alimuuzia fulani mbele ya mashahidi, basi. Nyumba nyingi za Manzese, Tandale, Mbagala na Gongo la Mboto zimesimama juu ya karatasi hiyo, na watu wanauziana kila siku bila ugomvi. Ukinunua kwa namna hiyo dai mnyororo mzima: karatasi ya aliyekuuzia, ya aliyemuuzia yeye, na ikiwezekana ya mwenye shamba wa mwanzo. Mnyororo ukikatika katikati, bei ishuke au uachane nayo.

3. Dalali anasema kiwanja "kimepimwa". Maana yake nini?

Maana yake iwe moja tu: kipo kwenye ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, na kina namba ya kiwanja na ya kitalu. Shamba lililokatwa kwa kamba vipande vya mita 20 kwa 20 na kuwekewa vijiti halijapimwa, hata kama aliyelikata alivaa fulana ya kampuni. Mchoro wa mipango miji nao si upimaji. Ni hatua ya kabla yake. Omba namba ya ramani ya upimaji, kisha uipeleke ofisi ya ardhi wakaithibitishe.

## Kukagua kabla ya kutoa hata shilingi

4. Upekuzi wa hati unafanyikaje, na utaniambia nini?

Peleka nakala ya hati ofisi ya ardhi ya mkoa, jaza maombi, pata namba ya malipo ya serikali, lipa, subiri majibu ya maandishi. Majibu yataonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa na kama kuna rehani ya benki, zuio (katazo la kuhamisha jina) au amri ya mahakama.

Makosa ni mawili. La kwanza ni kumwachia dalali au muuzaji alete majibu ya upekuzi. Nenda mwenyewe au mtume wakili wako. Barua ya upekuzi ni rahisi kughushi kuliko hati. La pili ni kufanya upekuzi mapema mno. Zuio linaweza kuwekwa kesho yake. Kama kati ya upekuzi na siku ya kusaini zimepita wiki kadhaa, rudia. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya nyumba.

Jina likitofautiana na la kitambulisho cha NIDA hata kwa herufi, muuzaji alirekebishe kwanza. Msajili atakukatalia baadaye, na baadaye muuzaji ameshakula fedha.

5. Nikifika kwenye kiwanja au nyumba niangalie nini?

Anza na mawe ya mipaka. Bikoni halisi ni nondo iliyozamishwa kwenye zege usawa wa ardhi au juu kidogo, na juu ya zege kuna herufi na namba. Fukua mchanga, pangusa kwa mkono, usome namba, kisha ulinganishe na ramani iliyoambatanishwa kwenye hati. Kiwanja cha pembe nne kinatakiwa kuwa na mawe manne. Ukikuta matatu na kona ya nne kuna ukuta wa jirani, hapo ndipo pa kuuliza. Pima kwa futi ya mkanda kutoka jiwe hadi jiwe; ramani inaandika urefu wa kila upande. Ukikuta tofauti kubwa, mlete mpimaji aliyesajiliwa afufue mipaka kabla ya mkataba.

Kisha zungumza na majirani bila dalali kuwapo. Waulize nani ana kiwanja hiki, tangu lini, na kama amewahi kuja mnunuzi mwingine. Jirani wa nyuma hujua mambo ambayo mwenyekiti hayajui.

Kwa nyumba, nenda mara mbili, na mara moja iwe mvua za masika, kati ya Machi na Mei. Ukuta uliopakwa rangi mpya hadi usawa wa goti mara nyingi unaficha unyevu na chumvi inayopanda kutoka msingini. Nyufa za wima nyembamba kwenye plasta si tatizo. Nyufa za ngazi zinazofuata viungo vya matofali zinaashiria msingi umeshuka. Panda darini ugonge mbao za kenchi: iliyoliwa na mchwa hutoa mlio mkavu na vumbi. Uliza shimo la choo liko wapi na lori la maji taka linalifikiaje. Kwenye maeneo ya karibu na bahari, onja maji ya kisima.

6. Nitajuaje kama nyumba iko hifadhi ya barabara au bondeni?

Mawe ya hifadhi ya barabara na alama ya X nyekundu ukutani ni dalili zinazoonekana, lakini kutoonekana kwake si usalama. Kwa Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na zipo barabara zenye hifadhi kubwa zaidi. Barabara ya Morogoro ilidaiwa kuwa na mita 121.5 kila upande, na mwaka 2017 nyumba nyingi kuanzia Kimara zilibomolewa, zikiwamo ambazo wenyewe walikuwa na karatasi. Kwa barabara kuu na za mkoa uliza TANROADS. Za mitaa uliza TARURA. Majibu yawe ya barua.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto, ziwa au ufukwe wa bahari. Ukiona kiwanja cha bei ya kutupa karibu na mto Msimbazi, au korongo ambalo kiangazi ni kavu kabisa, bei hiyo ina sababu yake. Angalia pia nyaya kubwa za umeme na bomba la gesi.

7. Muuzaji ana ndoa. Saini yake peke yake inatosha?

Haitoshi, hata kama hati ina jina lake peke yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mauzo ya namna hiyo yanapingwa mahakamani, na wewe unabaki na kesi. Dai ridhaa ya maandishi iliyosainiwa mbele ya wakili, pamoja na kitambulisho cha mwenza huyo. Mume mwenye wake wawili atoe ridhaa ya wote.

Anayesema hana ndoa aape kwa kiapo cha maandishi. Lakini usilale: watu wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi na jamii ikawatambua kama mume na mke, sheria inaweza kudhani ni wanandoa. Ndiyo maana maswali kwa majirani (swali la 5) hayana mbadala.

8. Nyumba ni ya marehemu na familia yote imekubali kuuza. Ninunue?

Subiri. Muhtasari wa kikao cha ukoo haumpi mtu mamlaka ya kuuza. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa Mahakama ya Mwanzo utaona uteuzi huo kwenye Fomu Na. IV. Chukua namba ya shauri uende mwenyewe mahakamani kuuliza kama uteuzi bado upo, maana hutenguliwa. Kama nyumba ina hati, jina la msimamizi lisajiliwe kwanza kwenye hati, ndipo auze.

Sheria ikiwa imetimia, bado tunashauri warithi watu wazima wote wasaini kukubali mauzo. Mtoto mmoja aliyeko mkoani ambaye hakushirikishwa anaweza kukusumbua kwa miaka. Ikiwa kuna mjane anayeishi ndani, zungumza naye ana kwa ana kabla ya wakili yeyote.

9. Nanunua shamba Mkuranga, Kisarawe au Bagamoyo. Mwenyekiti amesaini, je?

Kwanza ujue kama ardhi hiyo ni ya kijiji. Ikiwa ndiyo, inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na mauzo yanahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, siyo ya mwenyekiti peke yake. Mahakama zimekwishabatilisha mauzo yaliyofanyika bila idhini hiyo. Dai muhtasari wa kikao wenye tarehe, majina ya waliohudhuria na saini, uone kwamba ununuzi wako umejadiliwa kwa jina lako na ukubwa wa eneo. Tembea mipaka ukiwa na majirani wa pande zote nne, kila mmoja asaini upande wake.

## Mkataba na fedha

10. Nimeombwa kishika uchumba ili wasimuuzie mwingine. Nitoe?

Ukitoa, kiwe kidogo, na kiwe na karatasi inayosema mambo matatu: kitakatwa kwenye bei, muuzaji hatauza kwingine hadi tarehe fulani, na kitarudishwa chote kama upekuzi utaonyesha kasoro. Bila sentensi hiyo ya tatu, fedha hiyo ihesabu imekwenda. Hofu ya "kuna mtu wa Kariakoo anakuja kesho na keshi" imewatia hasara watu wengi waliokuwa waangalifu katika kila kitu kingine.

Bei yenyewe ilipwe kwa awamu na kupitia benki. Mpango unaofanya kazi ni huu: sehemu wakati wa kusaini mkataba, sehemu kubwa muuzaji anapokabidhi hati halisi na fomu za uhamisho alizosaini, na kiasi kinachouma, tuseme asilimia 10 hadi 20, jina linapobadilika. Muuzaji aliyeshalipwa yote hana haraka ya kwenda kusaini fomu iliyokosewa.

11. Mkataba uandikwe na nani na uwe na nini?

Mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi; maneno hayatoshi mbele ya sheria. Kila upande uwe na wakili wake. Wakili mmoja wa wote wawili, tena aliyeletwa na dalali, ni kosa tunaloliona mno. Mkataba utaje namba ya hati, kiwanja na kitalu, bei na awamu, nani analipa kodi ipi (swali la 14), vitu vinavyobaki (matangi, viyoyozi, mita ya LUKU), tarehe ya kuhama, na kitakachotokea mmoja akikiuka.

12. Serikali ya mtaa inadai asilimia 10 ya bei. Ni lazima?

Hakuna sheria inayoweka ada hiyo. Viongozi wa mtaa ni mashahidi wazuri wa kumtambua muuzaji, na kuwashirikisha ni busara, hasa kwa eneo lisilopimwa. Ukiambiwa ulipe, omba stakabadhi ya serikali yenye namba ya malipo. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

13. Muuzaji anataka tuandike bei ndogo ili kodi ipungue. Kuna ubaya?

Kuna ubaya mkubwa kwako mnunuzi. Uhamisho wa hati hupitia taarifa ya uthamini iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, kwa hiyo bei ya uongo huonekana. Kesi ikija, utarudishiwa kilichoandikwa: ulilipa milioni 90, mkataba unasema 40, utadai 40. Na siku utakayouza wewe, faida yako itahesabiwa kutoka kwenye hiyo 40. Mbali na hayo, ni udanganyifu.

## Kwa anayeuza

14. Nitalipa kodi gani?

Kubwa ni kodi ya ongezeko la mtaji: asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa Tanzania. Faida ni bei ya kuuzia ukitoa gharama za kununua, kujenga na kuuza. Tuseme ulinunua kiwanja kwa milioni 40, ukajenga kwa milioni 35, unauza kwa milioni 110. Faida ni milioni 35 na kodi milioni 3.5. Ukiwa huna risiti wala mkataba wa fundi, zile milioni 35 za ujenzi zinaweza kukataliwa, faida iwe milioni 70 na kodi milioni 7. Tunza risiti za saruji, nondo na mabati tangu siku ya kwanza.

Nyumba uliyoimiliki miaka 3 mfululizo au zaidi na kuishi ndani jumla ya miaka 3 au zaidi haitozwi, mradi faida haizidi shilingi milioni 15.

Ushuru wa stempu ni takriban asilimia 1 ya bei, na kwa desturi analipa mnunuzi: nyumba ya milioni 80, karibu shilingi 800,000. Mkataba upigwe stempu ndani ya siku 30 tangu kusainiwa. Usiopigwa haupokelewi mahakamani kama ushahidi. Kabla ya yote lipa malimbikizo ya pango la ardhi. Kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU.

15. Hatua za kuhamisha jina zikoje?

Uthamini; Fomu Na. 29, 30 na 35 zilizojazwa na kusainiwa mbele ya wakili, zikiwa na picha, hati halisi, mkataba, vitambulisho, ridhaa ya mwenza, risiti ya pango. Zinapita kwa Kamishna wa Ardhi kupata idhini, kisha TRA kwa kodi na cheti chake, kisha kwa Msajili. Msajili hahamishi bila cheti cha kodi. Kinachochelewesha zaidi ni majina yasiyofanana na malimbikizo.

16. Dalali ameomba nimwachie hati halisi awaonyeshe wateja. Nimpe?

Usimpe. Nakala inatosha, tena iliyoandikwa kwa kalamu juu yake "kwa kuonyesha tu" na tarehe. Hati halisi itoke siku fedha inaingia. Na ukubaliane na dalali kwa maandishi: asilimia ngapi, inalipwa lini, na kama madalali wengine wakijitokeza nani anagawana na nani. Ugomvi wa madalali watano kwenye nyumba moja hufukuza wanunuzi.

## Mambo yasiyo ya kawaida

17. Ninaishi nje ya nchi. Ndugu yangu aninunulie?

Raia wa Tanzania anaruhusiwa kununua akiwa nje. Hatari iko kwenye jina: ukituma fedha na ndugu akaandikisha kwa jina lake, kisheria nyumba ni yake hadi uthibitishe vinginevyo. Mkataba uwe kwa jina lako. Mpe ndugu nguvu ya kisheria, yaani hati ya kumruhusu atende kwa niaba yako, inayotaja kiwanja hicho na kazi hiyo tu, isainiwe mbele ya mthibitishaji au ubalozi, na isajiliwe. Fedha zitoke akaunti yako kwenda ya muuzaji moja kwa moja.

Unaponunua kutoka kwa mwenye nguvu ya kisheria, mpigie mmiliki kwa video. Nguvu hiyo hukoma mmiliki akifariki.

18. Nyumba ina mkopo wa benki, au inapigwa mnada. Ni salama?

Yenye mkopo inanunulika kwa makubaliano ya pande tatu: unalipa deni benki moja kwa moja, benki inaandika barua ya kuondoa rehani na kuachia hati, salio linakwenda kwa muuzaji. Usimpe muuzaji fedha "akakomboe hati".

Kwa mnada, hakikisha mkopaji alipewa notisi ya siku 60 na mnada ulitangazwa siku 14. Kwa kawaida unalipa robo ya bei siku ileile na iliyobaki ndani ya siku 14, kwa hiyo usinyooshe mkono bila fedha kamili. Sheria inamlinda aliyenunua kwa nia njema, ila kumtoa aliyemo ndani kunaweza kuchukua muda mrefu, na gharama hiyo uipige hesabu kwenye bei.

19. Nyumba ina wapangaji. Wataondoka nikinunua?

Si kwa sababu tu umenunua. Unarithi mikataba yao na kodi waliyokwisha kulipa mbele. Iombe mikataba hiyo, na kodi ya miezi iliyobaki ikatwe kwenye bei.

20. Nimeshalipa na amejitokeza mtu mwingine na karatasi za kiwanja hichohicho. Nifanye nini?

Acha kujenga na acha kulipa awamu iliyobaki. Kama kuna hati, wakili wako aweke zuio kwa Msajili wiki hiyohiyo, ili lisipite jina jingine. Kusanya mkataba, stakabadhi za benki na ujumbe wa simu. Kama karatasi zimeghushiwa, toa taarifa polisi.

Baraza la kata sasa kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa ndani ya siku 30 unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mgogoro wa nyumba au kiwanja chenye thamani inayozidi shilingi milioni 300 unakwenda Mahakama Kuu. Muda wa kudai ardhi ni miaka 12, lakini asikudanganye mtu kwamba unao muda: ofisi huhama, mashahidi hufa, na mwenzako akiwahi kujenga, kumwondoa kunakuwa kazi ngumu kuliko ilivyokuwa kiwanja kikiwa tupu.